Nchi Isiyokuwa na Namba Mbili

1

Ilikuwako nchi moja, wala haikuwa mbali, iliyopenda mpangilio kuliko wali. Jina lake hatulitaji. Si kwa woga, la hasha, bali wananchi wake ni watu wa adabu na hawapendi kutajwa bila kufuata utaratibu.

Katika nchi hiyo kila raia alikuwa na namba. Msomaji asidhani ni namba ya kitambulisho, ile ambayo mtu hupewa mara moja akafa nayo. Hiyo ni anasa ya nchi nyingine. Hii ilikuwa namba ya mstari. Kila asubuhi saa moja na nusu, katika Wizara ya Orodha, mwanamke mmoja aitwaye Mashavu alikaa mbele ya kompyuta akaiagiza hivi: nipe watu wote, wapange kwa tarehe ya kuzaliwa, mkubwa atangulie, na kila mstari uupe namba kuanzia moja. Kompyuta ikatii, orodha ikachapwa, na nchi ikajua nani ni nani.

Namba zenyewe hazikuwa zimehifadhiwa mahali popote. Zilizaliwa orodha ilipoitwa, zikafa orodha ilipofungwa, na kesho yake zikazaliwa nyingine. Mashavu alimweleza Mkurugenzi wake jambo hilo mara tatu. Mara zote tatu Mkurugenzi alimjibu kwamba serikali haiwezi kuongoza watu kwa kitu kisichokuwepo, kwa hiyo lazima kipo, atafute vizuri.

Mtu alipofariki, wote waliokuwa chini yake walisogea juu kwa hatua moja. Redio ya taifa ikatangaza, "Wananchi laki tatu na elfu ishirini wamepanda daraja leo," na ngoma zikapigwa. Wahenga walisema kufa kufaana, nayo Wizara iliyaweka maneno hayo kwenye ripoti yake ya maendeleo.

2

Mashavu alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Alikaa peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu aliyoachiwa na mama yake, viwili kati yavyo vikiwa vimefungwa kwa sababu hakuwa na cha kuvifungulia. Mume hakuwa naye, mtoto hakubahatika, na paka aliyemfuga kwa miaka sita alihamia kwa jirani anayekaanga samaki. Jioni aliwasha redio, si kwamba alipenda vipindi vyake, bali alitaka kusikia mtu akisema "usiku mwema."

Alichokuwa nacho ni foleni. Kila mtaa ulikuwa na Dirisha la Sukari, Dirisha la Mafuta ya Taa na Dirisha la Mihuri, na madirisha yote yaliita watu kwa kufuata orodha. Namba zilipanda na kushuka, lakini aliye mbele yako alibaki mbele yako, na aliye nyuma yako akabaki nyuma, mwaka baada ya mwaka. Mbele ya Mashavu alisimama Bwana Shemweta, fundi wa magodoro ya sufi, mgane asiye na watoto. Walikuwa wamezaliwa siku moja. Kompyuta haikuwa imeambiwa, watu wakilingana tarehe, nani atangulie, basi ilimtanguliza Shemweta kwa akili zake yenyewe. Mashavu angeweza kuirekebisha kwa neno moja. Hakuirekebisha.

"Habari za tangu juzi, dada Mashavu."

"Salama, fundi. Una sufi begani."

"Iache tu, nitaipangusa nikifika nyumbani."

"Ndivyo ulivyosema mwaka juzi."

Akaitoa yeye mwenyewe, unyuzi kwa unyuzi, na kazi hiyo ikamalizika walipofika dirishani. Wakati mwingine Shemweta alimweleza habari za magodoro: nani amerudisha lake akidai lina uvimbe, nani ameagiza la watu wawili ilhali mke amekwenda kwao. Mashavu alicheka mpaka karani akagonga kioo.

Madirisha hayo yalikuwa na kanuni moja ambayo wananchi waliilaani sana. Aliye nyuma hahudumiwi mpaka aliye mbele ahudumiwe, au sababu yake iletwe. Kwa hiyo mtu asipofika, wa nyuma yake, akiwa na hasira na kikapu kitupu, alikwenda kumgongea mlango. Safari moja Mashavu alishikwa na homa, akalala siku mbili bila kunywa hata maji. Siku ya tatu mlango uligongwa kama unataka kung'olewa. Alikuwa mama mmoja muuza karanga, wa nyuma yake.

"Wewe mwanamke, watoto wangu wanakunywa chai isiyo na sukari kwa ajili yako," alisema yule mama. Kisha akamtazama. Akatua kikapu chake, akaingia jikoni, akapika uji huku analalamika. Alilalamika mpaka homa ikashuka. Haukuwa upendo, ulikuwa utaratibu, lakini uji ulikuwa wa moto na Mashavu aliunywa akilia.

3

Sasa ikatokea kwamba Mheshimiwa Waziri wa Orodha aliitazama orodha. Mawaziri huwa hawana muda wa mambo hayo, ila siku hiyo umeme wa ofisini kwake ulikatika na televisheni ilikuwa imezima. Akakuta yeye ni namba 88,402. Namba moja alikuwa bibi wa miaka mia moja na minne, mwenye mbuzi wawili na meno pungufu ya hapo.

Wataalamu wakaitwa. Wa kwanza alishauri Mheshimiwa azaliwe upya siku moja kabla ya yule bibi. Lilikuwa wazo zuri, mpaka ikagundulika kwamba angetakiwa kustaafu. Wa pili alishauri bibi aombwe kufa kwa hiari, lakini bado wangebaki elfu themanini na nane wa kuombwa. Ndipo wakamkumbuka Mashavu.

"Inawezekana, Mheshimiwa," Mashavu alisema, maana alikuwa mkweli na hakuwahi kuulizwa kitu na mtu mkubwa. "Namba zinaweza kuanza upya kwa kila kundi. Mawaziri wakiwa kundi lao, wanaanza moja yao. Wananchi wanaanza moja yao."

"Na katika mawaziri, nani atakuwa moja?"

"Aliye mkubwa kwa umri."

Waziri akahesabu kwa vidole mawaziri waliomzidi umri. "Tengeneza kundi la Mawaziri wa Orodha."

"Litakuwa na mtu mmoja, Mheshimiwa."

"Penye wengi hapaharibiki neno," akasema Waziri, "lakini penye mmoja halianzi kabisa kuharibika."

Mashavu akaongeza neno kwenye agizo lake la asubuhi. Waziri akawa namba moja, akafanya karamu.

Mambo ya namna hiyo hayafichiki. Wiki ile ile kila waziri alikuwa na kundi lake. Wakafuata wakurugenzi, majenerali na wake zao. Wakuu wa mikoa wakasema haiwezekani mkoa mzima usiwe na namba moja hata mmoja, wakapewa. Wilaya zikafuata, halafu mitaa. Kila asubuhi Mashavu aliandika "ianze upya kwa kila" na kujaza neno alilotumiwa. Alifanya hivyo bila wasiwasi, kwa sababu yeye na Shemweta walikuwa mtaa mmoja. Fundi akawa 61, yeye akawa 62, na sufi ikaendelea kutua begani.

4

Wasiwasi ulianza agizo liliposema namba zianze upya kwa kila kazi. Katika mtaa ule makarani wangesimama kwenye foleni yao na mafundi wa magodoro kwenye yao.

Mashavu alikaa mbele ya kompyuta tangu saa moja na nusu mpaka saa tatu bila kugusa kitu. Halafu, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na minane ya utumishi, alighushi. Alifungua mstari wake, akafuta neno "karani," akaandika "fundi magodoro." Orodha ilipotoka, mtaa wao ulikuwa na mafundi magodoro wawili, naye alikuwa wa pili.

Alhamisi walikutana Dirisha la Sukari. Foleni ilikuwa ya watu wawili tu.

"Nasikia umekuwa fundi mwenzangu," Shemweta alisema bila kugeuka.

"Nimeanza kujifunza."

"Umeshashona mangapi?"

"Bado naiangalia sindano."

Alicheka, mabega yakatikisika. Alhamisi iliyofuata alimletea mto mdogo wa sufi, mpya, umeshonwa kwa uzi wa bluu. Alisema ni wa mwanafunzi kujifunzia. Mashavu aliulalia usiku huo na kila usiku uliofuata, na hakujifunza kitu.

Lakini mafundi, waalimu, wapika chapati na wazibua vyoo nao walikuwa na wivu kama mawaziri. Likaja agizo jipya: ianze upya kwa kila nyumba.

Hapo hapakuwa na neno la kughushi. Siku ya mwisho ya foleni yao walisimama mpaka karani alipofungua dirisha.

"Ingekuwa tunakaa nyumba moja," Shemweta alisema, akiutazama mfuko wake wa sukari, "tungebaki kwenye orodha moja."

"Ingekuwa," Mashavu alisema.

Walikuwa watu wazima wenye aibu ya watoto wa shule. Yeye alisubiri mwanamume aongeze neno, naye mwanamume alisubiri neno lake lijibiwe kwa urefu zaidi. Mashavu alikwenda nyumbani akavifungua vile vyumba viwili, akavifagia, akapanga jinsi ya kulisema jambo hilo kwa heshima. Alijipa wiki mbili, maana mambo makubwa hayataki pupa. Agizo la kila nyumba lilidumu siku tisa.

1

Katika nyumba watu walikuwa wamepigana. Baba alimtaka bibi ashuke, mapacha wakatoana meno. Ndipo Mheshimiwa Waziri alipohutubia taifa uwanjani, mbele ya kipaza sauti na glasi ya maji yenye kifuniko.

"Ndugu wananchi," alisema, "wakoloni walitupanga mstari. Waliwaweka baadhi yetu nyuma ya wengine! Je, nyuma ni mahali pa binadamu? Nyuma kuna nini? Nyuma kuna kisogo! Kuanzia kesho namba itaanza upya kwa kila raia. Kila raia atakuwa kundi lake. Kila raia atakuwa namba moja!"

Watu walishangilia mpaka wengine wakazimia. Kesho yake Mashavu aliandika "ianze upya kwa kila raia." Kompyuta ikatafakari kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha ikatoa laki sita na ushei za moja. Aliitafuta mbili kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Hakuiona.

Usawa ulifika kila mahali. Ligi ya mpira ilitoa makombe kumi na manane. Darasa la pili lilifutwa shuleni. Watoto walitoka la kwanza wakaingia la kwanza. Na kwa kuwa kila mtu alikuwa namba moja, na namba moja hasubiri, siku ya mwanzo watu wote walifika madirishani kwa pamoja, wakavunja vioo. Wizara ikatatua hilo nalo. Kila raia alipangiwa dakika kumi zake, ambazo si za mtu mwingine, na njia yake ya kufika. Mashavu alipewa Jumanne saa kumi na dakika kumi. Alikwenda barabara ikiwa tupu, akapewa sukari, akarudi barabara ikiwa tupu. Kumgongea mtu mlango kukawa kosa, kwa sababu kunaonyesha umekuja baada yake.

Redio ilisema taifa limeondoa foleni. Ni kweli, liliiondoa. Mashavu alitembea na maneno hayo akilini jioni nzima, akijua ni yeye aliyemfundisha Waziri, na aliona upweke wa nchi nzima umepitia kwenye vidole vyake.

1

Kila Jumatatu Wizara ilipokea ripoti ya madirisha. Jumatatu moja Mashavu aliifungua akasoma: Mtaa wa Kinuni, raia Shemweta, amekosa Dirisha la Sukari, Dirisha la Mafuta, Dirisha la Mihuri. Siku kumi na moja. Chini yake palikuwa na nafasi ambayo kompyuta huijaza yenyewe: "Waliocheleweshwa na kukosekana kwake: hakuna."

Aliisoma mara mbili, akaacha kompyuta inawaka, akaenda.

Aligonga mlango wa Shemweta mchana kweupe, kwanza kwa kidole, kisha kwa ngumi. Majirani walimtazama kupitia madirisha yao. Kila mmoja alikuwa namba moja na hakuna aliyetaka kuwa wa pili kutoka nje. Mlango ulifunguka ulipochoka. Fundi alikuwa chini, karakanani, katikati ya sufi, na sufi ilikuwa imemtulia mwili mzima bila mtu wa kuipangusa.

Daktari wa serikali alikuja na fomu zake. "Alianguka akavunjika nyonga," alisema. "Hakuweza kuinuka. Angefikiwa siku ya kwanza, au ya pi..." Akatazama huku na huku. "Au siku ile nyingine ya kwanza, angepona."

Mashavu alikuwa anahesabu. Kwa utaratibu wa zamani Shemweta angekosa foleni siku ya Alhamisi, na mchana wa Alhamisi hiyo hiyo, wa nyuma yake angekuwa mlangoni, na kikapu kitupu, analalamika.

Katika mazishi marehemu peke yake ndiye namba moja, kwa hiyo haruhusiwi mtu kumfuata. Vibarua wanne wa manispaa walibeba jeneza, kila mmoja akiwa ameandikiwa kwamba yuko kwenye matembezi yake binafsi. Mashavu alipita njia iliyoandikwa kwa jina lake, ambayo kwa bahati iliongozana na njia ya makaburini kwa hatua mia na hamsini. Hizo alizitembea. Nyingine alisimama.

1

Kumfuta marehemu ilikuwa kazi yake. Fomu ililetwa mezani ikiwa na mihuri mitatu.

Hakumfuta. Alifungua mstari wake mwenyewe, akatafuta mahali palipoandikwa kundi, akafuta jina lake, akaweka la Shemweta. Halafu akaiita orodha kama kila asubuhi. Katika kurasa elfu kadhaa za moja, kulikuwa na mistari miwili imefuatana: Shemweta, 1. Mashavu, 2.

Mkurugenzi alifika kabla chai haijapoa. Alikuwa mtu mpole, na hofu yake ilikuwa ya mpole pia.

"Dada Mashavu, nasikia kuna mbili imeonekana."

"Ni mimi."

"Wewe ni mtu wa akili. Mfute marehemu. Ukimfuta, namba zitajipanga zenyewe na utarudi kuwa moja kama wenzako."

"Najua, bosi. Ndiyo maana simfuti."

Mkurugenzi alikaa. Kumfukuza hakuweza, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kuongea na kompyuta ile. Alikuwa na mke aliyekula kwa ratiba yake na watoto waliolala kwa ratiba yao, na kwa dakika mbili nzima alisahau kuondoka.

"Inakuwaje," aliuliza mwishoni kwa sauti ya chini, "ukiwa wa pili?"

"Unajua kuna mtu amepita hapo kabla yako."

Aliinuka, akamwandikia Waziri kwamba ni doa la wino wa mashine ya kuchapa.

2

Jumanne saa kumi na dakika kumi Mashavu alifika Dirisha la Sukari. Hakuliegemea. Alisimama nyuma kidogo, akaacha mbele yake nafasi ya kutosha mtu mmoja.

"Sogea, mama," karani alisema.

"Wa mbele yangu hajahudumiwa."

"Hakuna wa mbele yako. Kila mtu ni..." Karani akatazama karatasi yake, akasogeza kidole. Alipinduapindua kitabu cha kanuni. Wizara ilikuwa imefuta foleni kwa hotuba, lakini kanuni ya dirisha hakuna aliyekumbuka kuifuta. "Wewe ni mbili," alisema, kama anayemwona mnyama wa porini amelala kibarazani. "Basi siwezi kukupa. Mpaka ahudumiwe, au ulete sababu yake."

"Sababu sina."

Alikuwa nayo. Kuileta kungemaliza kila kitu, na yeye hakutaka kimalizike. Alisubiri. Dakika zake kumi zikaisha.

Saa kumi na dakika ishirini akaja mwenye dakika zilizofuata, bwana mmoja mfupi aliyeshika mfuko wa kitenge, mfyatuaji wa matofali kwa jinsi kucha zake zilivyokuwa. Alipomwona mtu barabarani alirudi hatua mbili.

"Samahani, bibie. Nilidhani ni muda wangu."

"Ni wako. Pita tu, mimi namsubiri wa mbele yangu."

Yule bwana alitazama ile nafasi tupu kwa muda. Hakuuliza yuko wapi. Labda kwake pia ilikuwepo nafasi kama hiyo. Nyuso za watu wa nchi ile zilikuwa zimeanza kufanana.

"Atachelewa?" aliuliza.

"Atachelewa sana."

Dirisha lilikuwa wazi, na sukari yake ilikuwa imeshapimwa, inaonekana pale. Hakupita. Alipiga hatua moja kando, nyingine nyuma, akasimama nyuma ya Mashavu, akaweka mfuko wake chini. Karani aliandika kitu, akakikata, akafunga dirisha taratibu bila kugonga. Jua lilikuwa limeelekea kushuka, na hakuna hata mmoja wao aliyetikisika.

"Bibie," yule bwana alisema baadaye, "unakaa wapi?"

"Unataka kujua kwa nini?"

"Siku usipokuja."

Mashavu hakugeuka, kwa sababu uso wake haukuwa wa kutazamwa wakati huo. Alimwelekeza polepole: apite mashine ya kusaga, aache kisima kushoto, nyumba ya tatu ni ile yenye mlango wa bati.

"Ugonge sana," alimwambia. "Nina vyumba vitatu, na wakati mwingine sisikii."